Theluji ya Uani Kwangu: Maswali Ninayoulizwa Mara kwa Mara

Nilizaliwa Bukoba, naishi Syracuse, jimbo la New York, Marekani. Kuanzia Novemba hadi Aprili, saa moja asubuhi huwa niko uani na rula mkononi, napima theluji iliyoanguka tangu jana yake. Na kila msimu naomba iongezeke. Ndugu zangu wa nyumbani wananishangaa, majirani wa hapa wananishangaa zaidi, maana wao wameizoea kama kazi ya kuchosha mgongo. Maswali ni yaleyale kila mwaka, nimeona niyajibu mahali pamoja.

Mtu wa migomba na kahawa, theluji unaitakia nini?

Ziwa ndilo lililonifundisha. Bukoba inapata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mwanza, iliyo kusini mwa ziwa hilohilo, inapata kama nusu yake. Tofauti hiyo inaletwa na upepo. Unatoka mashariki, unavuka maji ya Ziwa Victoria ukibeba unyevu njia nzima, ukifika upande wetu unakutana na miinuko, unapanda, unapoa, unamwaga. Kwetu wingu likijitokeza ziwani asubuhi, mama hahitaji redio imwambie aanue nguo.

Nilipofika Syracuse nilidhani mambo hayo nimeyaacha nyuma. Kumbe nimehamia Bukoba nyingine, ya baridi. Ziwa la hapa ni Ontario, liko kaskazini-magharibi mwetu, na kazi yake ni ileile, ila linachotuletea ni cheupe. Siku nilipolielewa hilo nikaanza kuingoja theluji kama tulivyokuwa tukiingoja masika. Msimu ukipita mkavu naumia kama mkulima anayeona wingu likipita juu ya shamba bila kudondosha tone.

Hiyo theluji ya ziwa inatokeaje hasa?

Ziwa Ontario ni refu kwenda chini: wastani wa kina chake ni mita 86, na mahali penye kina kikubwa kabisa ni mita 244. Maji mengi namna hiyo hayapoi upesi. Joto la Julai na Agosti bado limo ndani yake Desemba inapoingia. Hapo hewa kavu yenye baridi kali inashuka kutoka Kanada na kupita juu ya maji hayo. Inapata joto chini, inapata mvuke, inaumuka kwenda juu kama unga uliotiwa hamira, mawingu yanajipanga, na ng'ambo ya ziwa theluji inaanguka.

Watabiri wana kipimo chao cha haraka: maji ya juu ya ziwa yawe na joto linalozidi hewa ya kama mita 1,500 juu yake kwa nyuzi 13 za Selsiasi au zaidi. Mimi nikishaona tofauti imefika 18 au 20, usiku huo silali vizuri.

Kinachobaki ni upepo, na hapo ndipo roho inakuwa juu. Mawingu haya hujipanga kwa utepe, na utepe mmoja unaweza kuwa na upana wa kilomita 10 au 20 tu. Upepo ukitoka magharibi moja kwa moja, utepe unakwenda Oswego na nyanda za juu za Tug Hill, sisi tunabaki na jua. Ukigeuka kidogo ukatoka kaskazini-magharibi, unashuka kwetu. Nimewahi kusimama uani chini ya anga safi kabisa, nikaangalia kaskazini nikaona ukuta wa kijivu umesimama palepale mchana kutwa, haujongei hata kidogo. Chini ya ukuta ule watu hawakuwa wakiona hata nyumba ya jirani. Mwezi Februari 2007 kijiji cha Redfield, huko Tug Hill, kilipata inchi 141 ndani ya siku kumi. Hizo ni zaidi ya mita tatu na nusu.

Wenzetu wa Buffalo wanategemea Ziwa Erie, ambalo ni la kina kifupi, wastani wa mita 19. Likiganda, mvuke unakatika na theluji ya ziwa inapungua sana mpaka mwaka mwingine. Ontario ni nadra kuganda sana, kwa hiyo sisi matumaini yetu yanafika mpaka Machi.

Syracuse inapata kiasi gani kwa msimu?

Kwa wastani zaidi ya inchi 120, yaani zaidi ya mita tatu zikijumlishwa zote. Rekodi ni inchi 192.1, msimu wa 1992–93. Msimu wa 2011–12 zilikuwa inchi 50 na kitu.

Kuhusu rekodi hiyo kuna kisa ambacho kila mwenyeji hapa anakijua. Machi 1992, baada ya msimu mrefu wa kuzoa theluji, madiwani wa mji walipitisha azimio kwamba ni marufuku theluji kuanguka tena Syracuse hadi tarehe 24 Desemba mwaka huo. Msimu uliofuata ndio huo wa inchi 192.1. Machi 1993 dhoruba moja peke yake ilimwaga karibu inchi 43.

Theluji na barafu si kitu kimoja?

Kwa Kiswahili tunavitenganisha, na ni vizuri tuendelee kuvitenganisha. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa gumu: ile ya friji, ile inayotanda barabarani na kuangusha watu. Theluji inazaliwa mawinguni ikiwa fuwele tangu mwanzo, haikupitia hatua ya kuwa tone la mvua. Neno theluji tumelipata kwa Waarabu na barafu tumelipata kwa Waajemi, ambao kwao neno hilo lina maana ya theluji. Maneno yalisafiri yakagawana kazi yalipofika kwetu.

Kwenye daftari langu tofauti hii ina uzito. Chembe ngumu za barafu zinazorukaruka chini kama mchele hupimwa pamoja na theluji. Mvua inayogandia matawini na kwenye nyaya haihesabiwi humo hata siku moja.

Unapimaje?

Vifaa ni vichache. Kuna ubao wa plaiwudi, kipande chenye upana kama sentimita 40 kila upande, umepakwa rangi nyeupe ili jua lisiupashe joto. Umelala chini mahali pa wazi, mbali na ukuta wa nyumba na mbali na mti, na pembeni yake nimechomeka kijiti chenye kitambaa chekundu ili niupate ukishafunikwa. Kuna rula iliyogawanywa kwa sehemu za kumi za inchi. Na kuna kipimamvua cha plastiki chenye mdomo wa inchi 4. Wakati wa baridi unatoa faneli na bomba jembamba la ndani, inabaki silinda ya nje peke yake ili theluji iingie bila kukwama.

Saa moja asubuhi natembea pole pole kwa kuzunguka, nisije nikapakanyaga mahali pa kupimia. Nasimamisha rula juu ya ubao mpaka iguse mbao, nainama mpaka jicho liwe sawa na uso wa theluji, nasoma hadi sehemu ya kumi ya inchi. Upepo ukiwa umeirundika upande mmoja, nachukua vipimo mahali kadhaa na kutafuta wastani. Kisha napima kina cha theluji yote iliyopo ardhini, mpya na ya zamani, na hicho huandikwa kwa nusu inchi.

Sehemu ninayoipenda inafuata. Nageuza silinda kichwa chini, naikandamiza kwenye theluji ya ubaoni kama mtu anayekata maandazi kwa mdomo wa kikombe, napitisha kibati chembamba chini yake, nainua. Naingia nayo jikoni. Natia maji ya uvuguvugu niliyokwisha kuyapima, theluji inanywea kwa mlio mdogo kama wa soda, namimina vyote kwenye bomba jembamba, nasoma, natoa kiasi nilichoongeza. Kinachobaki ndicho maji yaliyokuwa ndani ya theluji. Mara ya kwanza nilidhani nimemwaga njiani: donge la kujaza silinda limegeuka kijiko cha maji!

Mwisho nafagia ubao na kuuweka juu ya theluji, uanze upya.

Kwa nini usipime kila saa, upate hesabu kamili zaidi?

Nilifanya hivyo msimu wangu wa kwanza, na bado naona haya. Ilikuwa siku ya theluji laini ya ziwa. Nilitoka kila saa, nikapima, nikafagia ubao, nikajumlisha. Jioni nilikuwa na inchi 14.5, nikampigia simu jirani anayepima mitaa miwili kutoka kwangu, mzee aliyeanza kazi hii kabla sijafika nchi hii. Yeye alikuwa na 9. Akaniuliza kwa upole, "Umefagia mara ngapi?"

Theluji hujishindilia yenyewe. Mikono ya fuwele inavunjika, ya juu inailalia ya chini, na kila saa kina kinapungua hata kama hakuna kilichoyeyuka. Ukifagia kila saa unaizuia isijishindilie, kwa hiyo unajumlisha vitu ambavyo havikuwahi kulala pamoja. Ndiyo maana utaratibu unasema usifagie ubao zaidi ya mara moja kila saa sita, yaani mara nne kwa siku.

Utaratibu huo umeshavunja mioyo mikubwa kuliko wangu. Januari 1997 pale Montague, Tug Hill, ziliripotiwa inchi 77 ndani ya saa 24. Rekodi ya taifa ilikuwa inchi 75.8, ya Silver Lake, Colorado, tangu Aprili 1921. Kamati ya wataalamu ilikaa, ikachunguza, ikakuta jumla ile imetokana na vipimo sita badala ya vinne. Rekodi haikutambuliwa. Naamini theluji ile ilianguka kweli na aliyeipima alikuwa mkweli. Na naamini kamati ilifanya sawa, kwa sababu Silver Lake ya 1921 haiwezi kushindanishwa na kipimo cha namna nyingine.

Unavyoitamani hivyo, huongezi kidogo kwenye rula?

Hapana. Kuna asubuhi ya Januari nililala nikijua kabisa nitaamkia inchi 12, ambayo ingekuwa mara yangu ya kwanza kuandika futi nzima kwa siku moja. Rula ilisimama kwenye 11.8. Nilipima mahali pa pili: 11.7. Pa tatu: 11.9. Nilikaa nimechuchumaa pale mpaka vidole vikafa ganzi. Nikaandika 11.8.

Namba yangu haibaki kwangu. Naituma kwenye CoCoRaHS, mtandao wa wajitolea wanaopima mvua, mvua ya mawe na theluji nyumbani kwao. Ulianzia Colorado mwaka 1998, baada ya mafuriko ya Fort Collins ya Julai 1997 yaliyoua watu watano. Siku ile upande mmoja wa mji ulipata mvua ya zaidi ya inchi 10 na upande mwingine chini ya 2, na vipimo vilivyokuwepo ni vichache mno kuliona jambo hilo kwa wakati. Leo wanaotabiri mafuriko ya mito wanazisoma namba hizi kila asubuhi. Nikiongeza sehemu mbili za kumi ili nifurahi, nimemwongezea mtu maji ambayo hayapo.

Asubuhi isiyo na theluji unaandika nini?

0.0. Sifuri nayo hutumwa. Mtu akiacha kuandika, anayesoma hawezi kujua kama hapakuwa na kitu au mpimaji alikuwa amelala. Na zikipita chembe chache za theluji zisizofika hata sehemu ya kumi ya inchi, naandika T, alama ya kwamba kimepita kitu ila hakipimiki.

Inchi moja ya theluji ni sawa na maji kiasi gani?

Watu wengi watakwambia inchi 10 za theluji ni inchi 1 ya maji. Ni wastani wa kuanzia tu. Theluji ya ziwa, ile nyepesi kama pamba ya mto, inaweza kuhitaji inchi 20 au hata 30 kutoa inchi moja ya maji. Ile nzito ya mwisho wa Machi, inayogandamana ukiifinyanga, inchi 5 zinatosha.

Hili lina maana kubwa kwa mgongo wako. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na lita moja ni kilo moja. Inchi 10 za theluji laini ya 20 kwa 1 zina uzito wa kama kilo 13 kwa mita ya mraba. Inchi 5 za theluji nzito ya 5 kwa 1 zina kilo 25. Kina nusu, uzito mara mbili! Wageni kutoka nyumbani wanaona theluji fupi wanaidharau, wanajaza koleo, kesho yake hawainuki kitandani. Chukua kidogo kidogo, sukuma kuliko kuinua, na mwenye shida ya moyo aache kabisa, aombe msaada. Vijana wa mtaani wapo.

Ina faida gani zaidi ya kufurahisha macho?

Vitunguu saumu vyangu napanda Oktoba. Vikifunikwa na theluji ya kutosha, udongo unabaki karibu na nyuzi sifuri hata kama juu ni 20 chini ya sifuri, kwa sababu hewa iliyonaswa kati ya fuwele ni blanketi. Msimu ambao ardhi ilibaki wazi, baridi ilininyanyulia punje zikatoka juu ya udongo, nikavuna nusu.

Kuna na maji ya kunywa. Bomba la Syracuse linaleta maji ya Ziwa Skaneateles, safi kiasi kwamba hayapitishwi kwenye mitambo ya kuchuja. Theluji inayoyeyuka taratibu milimani huko inaingia ardhini na ziwani bila kubeba tope jingi. Mvua kubwa ya Januari juu ya ardhi iliyoganda inateremka yote kwa mara moja, na udongo unakwenda nayo.

Na kuna ukimya. Theluji mpya inameza sauti. Ukitoka asubuhi hiyo, barabara kubwa iliyokuwa ikivuma usiku na mchana huisikii tena.

Lakini theluji inaua watu. Huoni vibaya kuiombea?

Nimeulizwa swali hili na dada mmoja Mkongo anayeishi Buffalo, na sikuwa na jibu la haraka. Desemba 2022, siku za Krismasi, dhoruba ya Buffalo iliua zaidi ya watu 40. Wengine walikutwa ndani ya magari yao, wengine nyumbani ambako umeme na joto vilikuwa vimekatika, wengine walipiga simu ya gari la wagonjwa na gari halikuweza kupita. Miongoni mwa wanaoteseka zaidi siku kama hizo ni watu kama sisi, waliofika juzi, wasio na gari la kuaminika wala akiba ya chakula, wasiojua kwamba tangazo la kutotembea barabarani ni la kweli.

Ninachokiombea ni theluji inayoanguka bila upepo mkali, usiku, watu wakiwa wamelala. Na kila msimu, kabla ya Sikukuu ya Shukrani ya mwishoni mwa Novemba, nawapigia simu familia mpya ninazozifahamu, narudia yaleyale: weka unga na maji ya siku tatu, gari likinasa, safisha bomba la moshi kabla ya kuwasha injini, maana hewa ya sumu haina harufu, usiingize jiko la mkaa ndani hata kwa dakika tano. Kipimo changu hakijaokoa mtu ninayemjua. Simu hizo, nina hakika zimesaidia.

Kwa nini miaka hii inaonekana kupungua?

Sababu moja inabadilika mwaka hadi mwaka, na wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua kwa jina: El Niño. Ileile inayojaza vuli kwetu, iliyotufurikisha mwaka 1997 na tena mwishoni mwa 2023, mara nyingi huifanya kaskazini ya Marekani iwe na baridi hafifu. Msimu wa 2023–24 ulikuwa wenye joto kuliko yote iliyowahi kurekodiwa katika majimbo 48 ya bara ya Marekani. Nilikuwa napokea picha za barabara zilizokatika nyumbani huku mimi nimesimama uani juu ya majani makavu, ubao mtupu. Bahari ni ile ile moja iliyopata joto, sisi wawili tukapata hasara mbili tofauti.

Sababu ya pili haibadiliki, inaongezeka tu. Dunia inapata joto, na baridi ya hapa ndiyo inayolegea kwa kasi. Ziwa lenye joto linatoa mvuke zaidi, kwa hiyo hewa ya baridi ikija bado theluji inaweza kuanguka nyingi kwa mkupuo. Tatizo ni kwamba hewa hiyo inachelewa kufika na haikai, na mawingu ambayo yangetupa theluji yanatupa mvua. Daftari langu ni la miaka michache, haliwezi kuthibitisha jambo kubwa namna hiyo. Ndiyo maana nataka liwe refu.

Kweli hakuna chembe mbili zinazofanana?

Vaa glavu nyeusi, iache nje ipoe kwanza, kisha nyoosha mkono. Hewa ya mawinguni ikiwa karibu na nyuzi 15 chini ya sifuri utapata zile nyota zenye mikono sita kama majani ya mkangaga wa maua. Joto likibadilika kidogo utapata vijiti, au vibao bapa vya pembe sita. Wilson Bentley, mkulima wa Jericho, Vermont, alianza kuzipiga picha mwaka 1885 akiwa nyumbani kwao, akafikisha zaidi ya 5,000 kabla ya kufariki 1931. Hakupata mbili zilizofanana. Mimi natazama kwa sekunde tatu nne tu, kabla pumzi yangu haijaziyeyusha.

Nikitaka kuanza, hata kama niko Afrika Mashariki?

Mvua inapimwa kwa urahisi kuliko theluji. Tafuta kopo lenye pande zilizonyooka, lisiwe limepanuka juu wala chini. Lisimamishe mahali pa wazi, mbali na paa na mgomba, lizungushie mawe lisiangushwe na kuku. Asubuhi, saa ileile kila siku, tumbukiza rula ya mwanafunzi, soma milimita, andika, mwaga. Siku kavu andika sifuri.

Shangazi yangu wa Bukoba ana umri wa miaka 71 na anatumia kopo la maziwa ya unga. Kwake saa moja asubuhi inafika kabla yangu, kwa hiyo nikiamka ujumbe wake huwa umeshaingia. Leo ameandika 31. Mimi nimemjibu T.